Naomba ushauri: santuri zangu za jazi zinaota ukungu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Malindi, Mji Mkongwe, nakusanya santuri za jazi za miaka ya 1950 na 1960, nyingi za Blue Note na Verve, kampuni za Marekani za kurekodi jazi. Masika yakiingia majalada yanavimba, na kwenye sahani hutokea madoadoa meupe yanayoingia hadi ndani ya mifereji. Sindano ikipita hapo, tarumbeta yote inageuka mkwaruzo. Inaniuma sana.

Hizi za plastiki naziosha kwa maji yasiyo na chumvi na tone la sabuni, nazifuta kwa kitambaa laini kufuata mzunguko, kisha nazipanga wima. Hapo sina shaka. Lakini ami amenipa za mizunguko 78 kwa dakika, zile nzito za kuvunjika, na humo mna za taarabu. Zimetengenezwa kwa shelaki, aina ya utomvu wa wadudu, spiriti inaziyeyusha, na sindano ya LP, yaani ya hizi za plastiki, ni nyembamba mno kwao.

Mwenye uzoefu wa hewa yetu ya pwani anisaidie: kabati lenye matundu, au sanduku la kufunga lenye vifuko vya kunyonya unyevu? Na sindano ya 78 nitaipata wapi, Unguja au Dar?