Nimlipe developa sasa ama ningoje?

Kijana_Umoja: Niaje wasee. Niko na wazo la apu, mama mboga anaagiza sukuma na nyanya usiku kwa simu, asubuhi boda inamletea hadi kibandani badala ya yeye kuamka saa tisa kwenda soko la Marikiti. Nimeuliza akina mama kumi na wawili hapa mtaani na wote wamesema ni poa sana watatumia. Developa anataka 180,000, nusu kwanza, na hiyo ni akiba yangu yote ya sacco. Nimpe?

Shosh_wa_Kodi: Weka hiyo pesa! Umesimama hapo umenunua ndizi za mama mboga, unadhani atakwambia wazo lako ni mbaya? Usimuulize kama atatumia, muulize jana mboga alitoa wapi, nani alimbebea, alilipa ngapi na nyanya ngapi ziliozea kwa kreti. Alafu mwambie akupe oda ya kesho na mia tano ya kushikilia. Oda chukua kwa WhatsApp ama kwa simu tu, ju wengine wako na mulika mwizi, zile simu ndogo hazina WhatsApp, sokoni enda wewe mwenyewe wiki mbili.

Dobi_Mstaafu: Mimi nilijenga apu ya dobi Roysambu, miezi saba silali, watu wakadaunlodi, kumbe ni wale tulisoma nao. Nguo nilifua ni duveti mbili na moja ilikuwa ya dadangu 😂

Mzee_Kibiashara: Hata M-Pesa kabla itoke 2007 ilijaribiwa kwanza 2005 na watu mia kadhaa tu, Thika, Mathare na hapo tao. Ilikuwa ya kulipa mikopo midogo, lakini watu wakaanza kutumiana pesa wenyewe, na hiyo ndiyo ikauzwa. Wangejua aje bila kuona?

Kijana_Umoja: Nimerudi. Leo nimeuliza mama mmoja vile mmesema. Kumbe Marikiti haendi, kuna broka anamletea hapo Mutindwa na anampea kwa deni, analipa jioni akishauza. Nikamwambia ya mia tano akacheka hadi akaketi kwa gunia, ati "kijana, unataka nikulipe na hata nyanya sijaona?" Wengine nimeongea nao ni hivyo hivyo, shida si kuamka, ni deni. Sasa sijui kama mimi naweza kukopesha mtu nyanya. Developa amepiga mara mbili, sijashika.

Shosh_wa_Kodi: Usishike. Kesho tafuta huyo broka, umnunulie chai, umuulize wangapi humtoroka na pesa.