Umeme wa Gibe III na Ziwa Turkana: mkandarasi anawajibika mpaka wapi?

Mleta mada:
Wadau, Kenya inanunua umeme kutoka Ethiopia kupitia laini ya Sodo–Suswa, iliyoanza kazi 2022 kwa megawati 200. Miongoni mwa mabwawa yanayolisha gridi hiyo ni Gibe III, ukuta wa mita 243 kwenye mto Omo. Na Omo ndio unaoleta takriban asilimia 90 ya maji ya Ziwa Turkana.

Bwawa lilijengwa na Salini ya Italia, ambayo siku hizi inaitwa Webuild. Mkataba ulitolewa 2006 bila zabuni ya ushindani, kazi ikaanza. Tathmini ya mazingira ikaidhinishwa 2008. Hebu rudieni kusoma hiyo miaka. Msingi umeshachimbwa, ndipo watu wanaulizana kama kiwanja kina makaburi. Mimi nasema kampuni iliyokubali kuanza hivyo isijifiche nyuma ya mteja wake.

Mdau 1:
Mkuu, unamwonea fundi. Fundi hujenga alichoagizwa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba hapa ni serikali ya Ethiopia. Halafu bwawa la umeme halinywi maji. Yanazungusha mitambo, yanaendelea na safari. Wanywaji ni mashamba ya miwa ya Kuraz, huko bonde la Omo, na hayo Salini hakuyapanda.

Mleta mada:
Halinywi, sawa, ila linavuruga majira. Wadaasanach na Wamursi, jamii za bonde la Omo, walikuwa wakingoja Omo ufurike, ushuke, ndipo wapande mtama kwenye tope lililobaki. Mto ukitiririka kwa kipimo mwaka mzima, hilo tope litatoka wapi? Kwenye makaratasi waliahidiwa mafuriko ya kutengenezwa. Na miwa hiyo inategemea mto ambao bwawa limeuzuia usipungue kiangazi.

Mdau 2:
Mimi ni wa Kalokol, hapa ufukweni mwa Ziwa Turkana. Mlituambia ziwa litakauka. Bwawa lilipoanza kujazwa 2015 maji yalirudi nyuma kweli, tukawa tunaburuta mitumbwi kwenye matope. Lakini tangu 2020 ziwa limepanda, limemeza vibanda vyetu vya kukaushia samaki. Leo nikitaja Gibe kijiweni wananicheka.

Mleta mada:
Hapo umenibana, ndugu yangu. Tuliopiga kelele kwamba litakuwa Arali ya pili, ile bahari ya Asia ya Kati iliyokauka, tulitia chumvi. Mvua zilikuja kubwa, na ziwa halina mto wa kutokea. Lakini ziwa kujaa hakumrudishii Mdaasanach shamba lake.

Mdau 3:
Mnamkimbiza mmoja, wengine wanapita mlango wa nyuma. Benki ya Dunia haikukopesha pesa za bwawa, lakini 2012 ikakopesha za laini ya umeme. Pesa za mitambo zilitoka benki ya Kichina, ICBC. Angalau Salini ilipelekewa malalamiko kwao Italia 2016, na Survival International, shirika la kutetea jamii za asili. Nani atapeleka ya ICBC, na wapi?

Na sisi Wakenya tusijitoe. Friends of Lake Turkana, shirika la hapa Kenya la kutetea ziwa, waliishtaki serikali yetu wenyewe, na 2014 mahakama ya Nairobi ikaiamuru itoe taarifa zote za makubaliano ya kununua umeme huu. Kuna yeyote hapa aliyeziona?

Mdau 2:
Huku Kalokol hazijafika. Wala huo umeme.