Mrejesho: nyimbo za santuri za mzee zimepatikana

Ndugu zangu, niliuliza nitazipataje mtandaoni nyimbo zilizo kwenye santuri za marehemu baba, hapa Jinja. Asanteni sana! Aliyenishauri nitafute kwa jina la bendi amenifungulia njia. Majina ya nyimbo kila mtu huyaandika kivyake, lakini ukiweka TPOK Jazz, bendi ya Franco wa Kongo, au Morogoro Jazz ya Tanzania, zinamiminika. Kilichonifurahisha zaidi: kwenye santuri ndogo za 45 (zinazozunguka mara 45 kwa dakika) wimbo mrefu ulikatwa, nusu upande A, nusu upande B. Sasa nausikia mzima, sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, inaingia bila kugeuza sahani. Mama alimsikia Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji wa Morogoro Jazz, akaimba naye huku akichambua mchele. Za bendi ndogo za Kampala bado sijazipata. Hizo nitazirekodi kutoka kwenye santuri zenyewe.