LED au tyubu ya zamani kwenye tangi la furu: ipi inafaa?

Furu_Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Tangi la kioo ni sentimita 60 kwa 30 kwa 35, kama lita 60, lina furu (samaki wadogo wa Ziwa Victoria) na Vallisneria kidogo, mmea wa majini. Sasa lina tyubu ya wati 18 yenye choki (kidhibiti umeme wa tyubu) na stata (kiwashio chake). Machaguo ni tyubu ya LED kwenye fitingi ileile, au mkanda wa LED wa volti 12. Naomba hoja zenye vipimo.

Fundi_Nyakato
Mkuu, anza na umeme. Tyubu ya wati 18 yenye choki ya sumaku haili 18; choki yenyewe inakula 8 hadi 10. Weka 27: saa 8 kwa siku, siku 30, unapata uniti 6.5. LED ya wati 9 ni uniti 2.2. Umeme ukipungua jioni, tyubu ya choki inapepesa bila kuwaka mpaka stata inakufa. LED iliyoandikwa volti 100–240 inaendelea kuwaka.

Usitishwe na lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 900 za LED dhidi ya 1,300 za tyubu. Tyubu inamwaga mwanga pande zote, mwingi unapotelea kwenye mfuniko. LED inaelekea chini.

Kubadili: zima swichi kuu, hakikisha kwa testa. Choki ikiwa ya sumaku, toa stata, weka ile inayouzwa pamoja na tyubu ya LED. Ukitaka kuondoa choki kabisa, soma kwanza mchoro ulio ubavuni mwa tyubu: kuna zinazolishwa upande mmoja na zinazolishwa pande mbili, na ukichanganya unapiga shoti. Kisha bandika lebo kwenye fitingi, mtu asije akarudishia tyubu ya zamani.

Maji_Baridi
Kwa kina cha sentimita 35 mkanda unatosha, na ni rahisi kuutengeneza. Chukua aina ya 5050 (chipu za milimita 5 kwa 5) yenye chipu 60 kwa mita, wati 14.4 kwa mita. Mistari miwili ya sentimita 55 ni kama wati 16, yaani ampea 1.3, nunua adapta ya ampea 2 ili isichemke. Kata kwenye alama tu, kila baada ya chipu 3. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi.

Bandika kwenye kipande cha aluminiamu, mafundi wa madirisha wanayo mabaki. Bila aluminiamu joto halina pa kwenda, gundi inaachia na chipu zinafifia.

Kinachoua mkanda ni unyevu kwenye viungo. Shaba inageuka kijani, halafu chipu tatu tatu zinazima. Ziba viungo kwa silikoni isiyonuka siki. Ile ya siki inakula shaba. Na lazima kuwe na kioo kati ya taa na maji.

Pundamilia
Wakuu, rangi ya mwanga mmeiacha, na kwa furu ndiyo muhimu kuliko uniti. Mwaka 1998 Ole Seehausen na Jacques van Alphen walionyesha kwamba chini ya mwanga mweupe majike wa furu huchagua madume wa aina yao. Ukiwa wa rangi moja, wanashindwa kubagua. Kwa hiyo taa ya bluu tupu juu ya tangi lenye Pundamilia nyererei, aina mojawapo ya furu, na ndugu zake inakaribisha machotara. Kwa samaki waliopungua hivi ziwani, hilo linauma.

Chagua nyeupe ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5000 hadi 6500, CRI (kipimo cha uhalisia wa rangi, juu kabisa ni 100) 90 ukiipata, isishuke chini ya 80. LED ya bei ya chini ina upungufu wa wekundu, na mgongo mwekundu wa dume la nyererei unaonekana kama kutu.

Furu_Kirumba
Asanteni. Mwani je?

Maji_Baridi
Mwani hufuata mwanga. Anza na saa 6 za taa kwa siku kwa taima, ongeza nusu saa kila wiki, ishia 8. Vioo vikianza ukijani, rudi nyuma.

Fundi_Nyakato
Na ufunike vizuri juu. Wadudu wa ziwani wanafuata taa yoyote, wanajaa kwenye fitingi na kuzuia joto kutoka. Futa kwa brashi kavu umeme ukiwa umezimwa. Waya wa adapta uache ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi.