Kuagiza kadi ya grafiki hadi Lubumbashi: Brussels, Dubai, Johannesburg au Dar es Salaam?

Mchora_Ramani (Kamalondo)

Wandugu, nawasalimu. Nina karakana ndogo ya kuchora ramani za nyumba, na wateja wangu wamezoea kuonyeshwa picha ya nyumba yao kabla msingi haujachimbwa. Kazi hiyo naifanya kwa Blender, programu ya kuchora picha za pande tatu, kwenye kompyuta yenye kadi ya grafiki (kifaa cha ndani kinachochora picha) aina ya RTX 3060, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 12. Mwezi uliopita jengo la ghorofa tatu lenye bustani lilijaza kumbukumbu ya kadi hadi programu ikajifunga yenyewe, nikalazimika kuigawa kazi vipande vipande na kumwomba mteja siku nne zaidi.

Natafuta kadi ya gigabaiti 16, na nimetenga dola 900 zinazopaswa kulipa kila kitu mpaka kadi ifike mezani kwangu. Bei zilizotangazwa Marekani mwaka 2025 zilikuwa dola 749 kwa RTX 5070 Ti, 599 kwa RX 9070 XT na 429 kwa RTX 5060 Ti ya gigabaiti 16. Hapa mjini kadi hizi huletwa moja moja, na anayezileta hupanga bei anavyotaka kwa sababu hana mshindani. Baba mdogo wangu yuko Brussels kwa matibabu na atarudi mwisho wa mwezi ujao. Nina jirani anayekwenda Johannesburg kwa basi mara kwa mara. Zipo pia kampuni za kusafirisha mizigo ya pamoja kutoka Dubai, na kuna njia ya Dar es Salaam kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Naomba mnisaidie kulinganisha, hasa upande wa kodi, maana habari za kodi za Marekani zimenichanganya sana.

Wakala_wa_Mpakani

Ndugu Mchora, kabla ya kuchagua mji, jifunze kwanza hesabu ya forodha, kwa sababu itakufuata kwenye njia zote nne. Tuseme kadi imenunuliwa dola 600, usafiri ni dola 60 na bima ni dola 10. Ushuru hautozwi juu ya 600 bali juu ya 670. Viwango vyetu vya kuingiza bidhaa ni 5%, 10% na 20%. Kwa mfano wa hesabu tu, nichukue 10%, ambayo ni dola 67. Kisha TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya 16% inatozwa juu ya 737, yaani kodi inatozwa hata juu ya ushuru ulioulipa, nayo inafika karibu dola 118. Jumla ni dola 185, kabla hujalipa OCC, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, na wakala wako.

Jambo la pili ni jina la bidhaa kwenye karatasi. Kadi ya grafiki inayokuja peke yake huandikwa chini ya namba 8473.30, ambayo ni ya sehemu za kompyuta, au 8471.80, ambayo ni ya vifaa vingine vya kompyuta. Nimeona kadi ikiwekwa pamoja na vyombo vya michezo ya video kwa sababu tu boksi lilikuwa na picha ya shujaa mwenye upanga, na mwenye mali akabaki kubishana siku tatu. Mwambie muuzaji aandike kwenye ankara, ile tunayoiita fakitire, kwamba hiki ni kifaa cha ndani ya kompyuta, pamoja na modeli kamili na namba yake ya mfululizo.

Mwana_Katuba

Samahani, Papa Wakala. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Je, kadi iliyonunuliwa Dar es Salaam haiingii bila ushuru?

Wakala_wa_Mpakani

Haiingii bila ushuru, na swali hili naulizwa kila wiki. Msamaha wa jumuiya, uwe wa Afrika Mashariki, wa SADC au wa COMESA, unafuata mahali bidhaa ilipotengenezwa. Duka la Kariakoo halibadilishi asili ya kadi iliyounganishwa China au Taiwan. Atakayeinunua Dar atakuwa ameilipia TVA ya Tanzania ya 18% ndani ya bei, kisha atalipa yetu hapa. Njia ya barabara kupitia Tunduma, Zambia na Kasumbalesa inafaa kwa saruji, vigae na mizigo mizito. Kwa kifaa cha kilo mbili chenye bei ya mbuzi kadhaa, siioni faida yake.

Mwanafunzi_Ughaibuni

Mimi nasoma Marekani, kwa hiyo nizungumzie kodi zilizokuchanganya. Februari 2025 serikali ya hapa iliongeza 10% juu ya bidhaa za China, Machi ikafika 20%, na Aprili jumla ya nyongeza ikapanda hadi 145%. Tarehe 11 Aprili kompyuta na sehemu zake nyingi ziliondolewa kwenye ile nyongeza kubwa ya Aprili, lakini zile 20% za mwanzo zilibaki. Mwezi Mei nchi hizo mbili zilipatana kupunguza, na Novemba ile 20% ikashushwa hadi 10%. Muuzaji anayeagiza shehena leo hawezi kujua atalipa nini meli itakapotia nanga, kwa hiyo anaweka hofu yake ndani ya bei.

Lakini, ndugu yangu, kodi hizo zinahusu kinachoingia Marekani. Kadi inayotoka Hong Kong au Dubai hadi Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, haipiti forodha ya Marekani hata kidogo. Ukimwomba jamaa akununulie huku, utakuwa umelipia ushuru wa nchi usiyoishi, nao haurudishwi. Kisha utalipa wa kwenu. Kwa sababu hiyo nasema Marekani iondolewe kwenye orodha yako, ingawa bei zilizotangazwa zinavutia macho.

Wanaofikiria kadi kubwa kama RTX 4090 na 5090 wazingatie pia kanuni ya Marekani ya Oktoba 2023 kuhusu chipu zenye nguvu. Kanuni hiyo inagusa nchi zilizo kwenye kundi la vikwazo vya silaha, na Kongo yetu imo humo, hivyo muuzaji anaweza kukataa kutuma. Kadi tatu ulizozitaja ziko chini ya kiwango cha nguvu kinachoguswa na kanuni hiyo.

Yaya_wa_Ixelles

Naishi Brussels, na nimeshawasaidia watu watatu wa nyumbani kwa jambo hili. TVA ya Ubelgiji ni 21% na tayari imo ndani ya bei unayoiona dukani. Kadi ya yuro 800 ina bei halisi ya yuro 661 hivi, na zile 139 ni kodi ambayo msafiri asiyeishi Umoja wa Ulaya anaweza kurudishiwa anapoondoka, mradi ununuzi umezidi kiwango cha chini kilichowekwa na karatasi zimethibitishwa na forodha ya uwanja wa ndege. Kampuni inayoshughulikia marejesho hukata ada yake, kwa hiyo usihesabu zote 139.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mimi mwenye makazi ya Ubelgiji siwezi kudai kodi hiyo, hata kama ni mimi niliyetoa fedha. Mwaka juzi nilimnunulia mdogo wangu kadi kwa jina langu nikidhani tutairudisha kodi uwanjani. Tulisimama foleni saa nzima na tukarudishwa mikono mitupu, nami niliumia kwa sababu kosa lilikuwa langu. Kwa hali yako, baba mdogo ndiye anunue, fakitire itoke kwa jina lililo kwenye pasipoti yake, na aonyeshe kadi yenyewe kabla ya kukabidhi mizigo. Kadi haina betri, hivyo anaweza kuingia nayo ndani ya ndege kama mzigo wa mkononi, na mimi nisingekubali iende chini pamoja na masanduku.

Faida nyingine ni dhamana: sheria ya Ulaya inampa mnunuzi miaka miwili. Ikiharibika itabidi irudi huku, na nauli ni yako.

Jirani_wa_Deira

Dubai ina VAT, yaani TVA yao, ya 5% tu, na mgeni anaweza kurudishiwa sehemu kubwa anapoondoka. Hata hivyo, hilo ni la msafiri mwenyewe. Mzigo ukipelekwa kwenye kampuni ya mizigo ya pamoja, unachanganywa na simu, vitenge na vipuri vya wengine, na kampuni inakutoza kwa kilo, ikisema bei hiyo inajumuisha forodha. Ni rahisi, na kadi nyingi zimefika salama. Tatizo ni kwamba hupewi karatasi ya forodha yenye jina lako. Rafiki yangu kadi yake ilipotea njiani, na kampuni ikamrudishia fidia kwa uzito, dola chache kwa kilo, kama vile alikuwa ametuma mchele. Kama utatumia Dubai, lipia bima ya thamani kamili na uione imeandikwa.

Johannesburg nayo nimeipitia. VAT ni 15% na mgeni hurudishiwa akitoka, lakini basi linapita mipaka kadhaa kabla ya kufika Lubumbashi, na kila mpaka ni maswali mapya kuhusu boksi moja.

Fundi_wa_Kenya

Mnazungumza kodi kana kwamba umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, hauna kodi yake! Wasomaji wa nje waelewe kwamba Kenya ninayoandika ni komuni yetu ya hapa. Kila mwezi napokea kompyuta zilizoungua kwa sababu umeme ulirudi kwa kishindo. RTX 5070 Ti inakula hadi wati 300, RX 9070 XT wati 304, na RTX 5060 Ti wati 180. Yule anayeshawishika na RTX 3090 iliyotumika kwa sababu ya gigabaiti 24 ajue kwamba inakula wati 350, na kwamba nyingi zilichimba sarafu za kidijitali usiku na mchana hadi Septemba 2022, sarafu ya Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi.

Ushauri wangu ni 5060 Ti. Ni kweli ina viini 4,608 dhidi ya 8,960 vya 5070 Ti, kwa hiyo picha zitachukua muda mrefu zaidi. Lakini Mchora hakulalamikia mwendo. Alilalamikia kumbukumbu kujaa, na kumbukumbu ni gigabaiti 16 kwenye zote mbili. Tena ushuru ni asilimia ya thamani, kwa hiyo kadi nafuu inapunguza kila mstari wa ile hesabu ya Papa Wakala, na kinachobaki kinanunua stabilizeta nzuri.

Mwanafunzi_Ughaibuni

Nakubaliana na Fundi, isipokuwa nionye kwamba 5060 Ti ipo pia ya gigabaiti 8, na maboksi yanafanana sana. Wala msisubiri bei ishuke. Viwanda vya kumbukumbu vinapeleka uzalishaji kwenye vituo vya akili bandia, na Desemba 2025 Micron, mtengenezaji wa kumbukumbu, ilitangaza kuacha biashara ya Crucial, chapa yake kwa wateja wa kawaida. Kadi yenye kumbukumbu nyingi ndiyo itakayobanwa kwanza.

Mchora_Ramani (Kamalondo)

Nawashukuru kwa dhati. Nilikuwa nimeiweka moyoni 5070 Ti, na sitaficha kwamba bado naitamani, lakini Fundi ameniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza. Nimempigia baba mdogo simu usiku huu na amekubali kununua 5060 Ti kwa jina lake na kuitangaza forodhani Luano. Yaya wa Ixelles, je, unaweza kwenda naye dukani? Yeye hajui kutofautisha maboksi, na macho yake hayasomi maandishi madogo.

Yaya_wa_Ixelles

Nitakwenda naye Jumamosi. Nitumie namba yake kwa ujumbe wa faragha. Nitahakikisha boksi limeandikwa 16, na namba ya mfululizo iliyo kwenye kadi ni ile ile iliyo kwenye fakitire, kabla hajatoa fedha.

Wakala_wa_Mpakani

Na anipigie picha ya hiyo fakitire siku hiyo hiyo, nitayarishe tamko kabla hajapanda ndege.