WordPress, Wix, Shopify au Joomla: ipi inafaa tovuti ya biashara ya fenicha?

FenichaKeko
Wakuu habari zenu. Nina karakana ya fenicha hapa Keko, Dar, tunatengeneza sofa, vitanda, makabati na meza za kulia, mpaka sasa wateja wanatupata Instagram na WhatsApp tu. Shida ni kwamba mtu akiona sofa leo, wiki ijayo akirudi kuitafuta imeshazama chini huko, anaanza upya "ile ya kijivu mnauzaje". Halafu wateja wa maofisini, wale wa kuchukua viti 20, 30 kwa mkupuo, wanaomba tovuti na profoma kabla hata hawajaja kuona mali. Nataka tovuti yenye bidhaa zote, vipimo, bei ya kuanzia na sehemu ya kuagiza. Nimetajiwa mifumo ya kujengea tovuti, WordPress, Wix na Shopify, na mpwa wangu kang'ang'ania Joomla maana ndiyo aliyofundishwa chuo. Atakayekuwa anaweka bidhaa ni mdogo wangu wa dukani, simu anaijua vizuri, kompyuta kiasi. Naombeni mnaotumia kweli ndio mnijibu.

DevMwenge
WordPress na plagini (kiongezo) ya duka inayoitwa WooCommerce mkuu, na sababu yangu kubwa siyo uzuri wake, ni mafundi. WordPress ipo tangu 2003 na leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, kwa hiyo fundi wako akihama au akiacha kupokea simu unampata mwingine bila kuhangaika, anaingia kwenye dashibodi anakuta vitu anavyovijua. Programu yenyewe ni bure, unacholipia ni domeini (jina la anwani ya tovuti), hostingi (seva inapokaa tovuti) na mtu wa kukupangia mwanzoni. Hakikisha tu unachukua ile ya WordPress.org unayoiweka kwenye hostingi yako, WordPress.com ni huduma ya kampuni yenye vifurushi vyake, watu wengi wanazichanganya.

Sasa ubaya wake, nisikufiche. Inataka kuangaliwa. Kuna apdeti za WordPress yenyewe, za thimu (mwonekano wa tovuti), za plagini, ukiacha miezi inapita bila kuapdeti unawaachia wadukuzi mlango wazi. Na usikubali mtu akuwekee thimu ya kulipia aliyoipata "bure" kwenye magrupu, nyingi zinakuja na vitu vimefichwa ndani, siku moja mteja anatafuta jina la duka lako Google anakutana na matangazo ya kamari. Mimi nimesafisha tovuti za namna hiyo na kazi ya kusafisha ni kubwa kuliko kujenga upya.

duka_la_sare
Mi nitasema tofauti kidogo na kaka hapo juu. Niko Mwanza, nauza sare za shule, natumia Wix na sina fundi kabisa. Unavuta kiboksi unaweka picha, unaandika bei, imeisha. Hakuna cha apdeti wala bakapu, wao ndio wanaojua. Kwa mtu ambaye hana wa kumpigia simu usiku tovuti ikizima, hiyo ni amani kubwa jamani. Ila yajue haya mawili. Kifurushi cha bure kinaweka tangazo lao juu ya tovuti yako na anwani yako inakuwa na jina lao, kwa biashara inayotaka wateja wa maofisini hapana, lipia. Pili malipo yanakatwa kwa dola kwenye kadi, shilingi ikishuka utaona, na kadi ikigoma unaanza kukimbizana na benki.

DevMwenge
@duka_la_sare umesema kweli dada ila la tatu ndilo linaloniuma mimi, kutoka. Tovuti ya Wix huwezi kuibeba ukaipeleka hostingi nyingine, inakaa kwenye seva zao tu, siku ukitaka kuhama unajenga upya kurasa zote. Mnakumbuka zile tovuti za bure za Google Business Profile, wasifu wa duka lako kwenye Google? Wafanyabiashara wadogo wengi walikuwa nazo, Machi 2024 Google wakazizima. Aliyekuwa na domeini yake na picha zake amehifadhi pembeni alihamia kwingine, aliyekuwa amechapisha ile anwani kwenye kadi na mabango ndo hivyo tena.

duka_la_sare
Hilo sikatai. Ndo maana domeini nimenunua kwangu mwenyewe sio kupitia kwao, na picha zote ziko kwenye diski.

mtu_wa_ruiru
Niaje wasee, nawasomea kutoka Kenya. Shopify nimeitumia na client wa viatu. Kwa kuuza online hiyo kitu iko sawa kabisa, stock, oda, risiti, kila kitu kimepangwa, na haianguki hata ukipata wateja wengi siku moja. Lakini boss fanya hesabu kwanza kabla uingie. Shopify Payments, ile njia yao wenyewe ya kupokea pesa, haiko Kenya wala Tanzania, so lazima uunganishe kampuni nyingine ya malipo. Hiyo kampuni inakata yake, halafu Shopify nao kwa plan ya Basic wanakata asilimia 2 juu ya kila mauzo yaliyopita hapo. Kwa sofa ya milioni mbili hiyo ni elfu arobaini imeenda, na bado hujalipa subscription ya mwezi. Ukipokea pesa nje ya mfumo, cash ama mtu akutumie kwa simu halafu umark oda imelipwa, hiyo 2% haikatwi. Lakini sasa kama unapokea hivyo Shopify unalipia ya nini?

chanzo_huria
Mpwa wako asidharauliwe jamani. Joomla ina jambo moja ambalo WordPress haina ndani yake, lugha mbili. Kama unataka kurasa za Kiswahili na za Kiingereza, kwenye Joomla uwezo huo unakuja nao, WordPress utaweka plagini kama Polylang au WPML. Na kugawa ruhusa, huyu aweke bidhaa tu, yule ahariri bei, iko vizuri sana. Ila muulize anafahamu toleo gani. Kama chuo alifundishwa Joomla 3, hiyo ilifungwa Agosti 2023, haipati tena marekebisho ya usalama, asije akakujengea juu yake kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Na duka ndani ya Joomla lazima uongeze kiendelezi, yaani plagini yao, Joomla yenyewe haina duka.

Kuna mfumo mwingine unaitwa Drupal, huo usiguse kwa kazi yako. Naipenda na naifanyia kazi, ni mfumo wa vyuo vikuu na taasisi zenye kurasa maelfu na watu wa IT wa kuajiriwa. Drupal 7 ilipofungwa Januari 2025 kuna waliokuwa hawajamaliza kuhama, maana kutoka 7 kwenda matoleo mapya ni karibu sawa na kujenga upya.

FenichaKeko
Asanteni sana, mmenifungua. Nina maswali mawili. Sisi mteja anatoa advansi nusu ndo tunaanza kukata mbao, inayobaki analipa tukishusha mzigo kwake, sasa hii ya kulipa kwenye tovuti naihitaji kweli? Na hii domeini, kuna kijana kaniambia atanisajilia yeye nisihangaike.

DevMwenge
La domeini kwanza, USIKUBALI isajiliwe kwa jina lake. Alipie yeye ukampa hela sawa, lakini jina la mmiliki liwe la biashara yako, barua pepe iwe yako, na akaunti ya msajili uwe na paswedi yake. Za .tz unaweza kuangalia kwenye whois, kumbukumbu za usajili wa domeini, imesajiliwa kwa jina la nani. Nimeona mtu anadaiwa hela nyingi kurudishiwa jina la duka lake mwenyewe na kijana wa namna hiyo hiyo, na hana karatasi hata moja ya kumbana.

Kuhusu malipo, kwa biashara yako usianze na kadi. WooCommerce inakuja na njia ya kulipa benki na ya kulipa mzigo ukifika, bure kabisa. Kwenye ile ya benki kuna kisanduku cha maelekezo anachokiona mteja akishaagiza, hapo unaandika Lipa Namba yako, jina litakalotokea, na kwamba kazi inaanza advansi ikiingia. Wakizidi wa kutaka kulipa kwa kadi, ndipo unaweka plagini ya kampuni ya kupokea malipo kama Pesapal au DPO.

duka_la_sare
Na mdogo wako asiogope, WooCommerce ina app ya simu, anapiga picha anaweka bidhaa hapo hapo, shoga yangu wa vitenge ndivyo anavyofanya. Ila picha jamani picha!! Simu za sasa picha moja MB 4, weka 30 kwenye ukurasa mmoja uone mteja mwenye bando la siku atakavyokukimbia. Apunguze kwanza upana ufike piseli 1200 hivi.

chanzo_huria
WordPress yenyewe inatengeneza nakala ndogo za kila picha na tangu 2020 inasubiri mtu ashuke chini ndo ipakue picha za huko, kwa hiyo inasaidia. Lakini kupunguza kabla ni bora, nafasi ya hostingi nayo inajaa.

mtu_wa_ruiru
Pia ukianza kukusanya majina na namba za watu kwa fomu, mko na ile sheria ya taarifa binafsi huko Tanzania, ilianza kutumika Mei 2023. Uliza kama unafaa kujisajili, na usiombe mteja vitu hauhitaji. Kununua kiti haitaki tarehe ya kuzaliwa.

FenichaKeko
Nimeelewa. Naenda na WordPress na WooCommerce, mpwa nimemwambia ahamie huko na amekubali, domeini nasajili mwenyewe kesho. La mwisho, sofa moja tunaitoa kwa vitambaa vitatu na saizi mbili na bei hazifanani, nitaweka kama bidhaa sita?

DevMwenge
Hapana, bidhaa moja. Chagua aina ya bidhaa yenye machaguo, unaweka kitambaa na saizi kama sifa, halafu kila mchanganyiko unaupa bei yake na picha yake. Mteja akigusa kitambaa cha kijivu picha inabadilika, na kwenye orodha bei inaonekana kuanzia ndogo mpaka kubwa. Anzeni na sofa mbili tatu mdogo wako azoee ndo muingize mzigo wote.

FenichaKeko
Sawa mkuu, tunaanza na ile ya kijivu.