Ulinganisho: assoc, rbtrees, jozi au hifadhidata ya ndani kwa jedwali la maneno katika Prolog?

Kisomo (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba tulinganishe moduli (maktaba za msimbo) ambazo Prolog, lugha ya programu ya kimantiki, inatupatia kwa ajili ya kutunza jedwali la funguo na thamani. Nimesoma mwongozo wa SWI-Prolog, mfumo wa Prolog ninaoutumia, kwa siku tatu, na kila nikifunga ukurasa mmoja nakutana na mwingine unaoahidi kazi ileile kwa jina tofauti. Programu yangu inasoma faili la maandishi, inalikata kuwa maneno, inahesabu kila neno limetokea mara ngapi, na baadaye inapaswa kunijibu neno fulani limo katika mistari ipi. Kwa sasa ninatumia assoc (moduli ya jedwali lililojengwa kama mti), na kiini chake ni hiki:

```
hesabu(Neno, M0, M) :-
    (   get_assoc(Neno, M0, N0)
    ->  N is N0 + 1
    ;   N = 1
    ),
    put_assoc(Neno, M0, N, M).

jedwali(Maneno, M) :-
    empty_assoc(M0),
    foldl(hesabu, Maneno, M0, M).
```

Inafanya kazi, ila najiuliza kama ningehamia rbtrees (moduli nyingine ya miti), au ningetumia assertz/1 tu (predikati, yaani kanuni yenye jina, inayoandika ukweli katika hifadhidata ya ndani; namba baada ya mkwaju ni idadi ya nafasi zake), au zile dict (kamusi za funguo na thamani) zilizokuja na toleo la 7. Ningependa pia msimbo huu uweze siku moja kuendeshwa kwenye Prolog nyingine bila kuandikwa upya. Jibu la "inategemea" nimeshalipata kwingine, kwa hiyo naomba mniambie inategemea nini.

mzizi_84

Mkuu Kisomo, kabla ya kuzungumzia kasi kuna swali moja ambalo hukulijibu: je, programu yako ikishaingiza kitu katika jedwali inaweza kushindwa mbele ya safari na kurudi nyuma kutafuta njia nyingine? Hapo ndipo njia hizi zinapoachana kweli. assoc na rbtrees ni miti ya kawaida ya Prolog: put_assoc/4 haibadilishi mti wa zamani bali inakupa mti mpya unaoshirikiana na ule wa zamani sehemu kubwa ya matawi yake, na Prolog ikirudi nyuma unajikuta umeshika mti wa awali kama ulivyokuwa, bila wewe kufuta chochote. Ulichoandika kwa assertz/1, kinyume chake, kinabaki pale pale hata kama hoja iliyokiandika imeshindwa.

Kati ya assoc na rbtrees wenyewe, tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ya kwanza ni mti wa AVL, ya pili ni mti mwekundu-mweusi, na yote miwili hujisawazisha. Ukiwa na funguo milioni moja, mti wa AVL hauzidi ngazi 28, ilhali mti mwekundu-mweusi unaweza kufika 37 hali ikiwa mbaya kabisa, lakini huu wa pili hujisawazisha kwa ulegevu zaidi na hivyo hauna kazi nyingi wakati wa kuingiza. Mimi huchukua rbtrees pale tu ninapohitaji rb_update/5, ambayo hunipa thamani ya zamani na kuweka mpya katika safari moja ya kushuka mtini, wakati msimbo wako hapo juu unashuka mara mbili kwa kila neno: mara moja kwa get_assoc/3 na mara nyingine kwa put_assoc/4.

Ukiamua kuhama, usifanye hivyo kwa kubadilisha majina tu katika kihariri. get_assoc/3 inataka ufunguo, kisha mti, kisha thamani, ilhali rb_lookup/3 inataka ufunguo, kisha thamani, kisha mti. Vilevile put_assoc/4 inaanza na ufunguo, na rb_insert/4 inaanza na mti. Niliwahi kupoteza jioni nzima kwa sababu hiyo, na aliyepanga nafasi hizo sijui alikuwa na ugomvi gani na mwenzake.

Jambo la mwisho kuhusu miti hii: ufunguo usiwe na kigeu kilicho huru ndani yake. Miti hupangwa kwa mpangilio wa kawaida wa istilahi, ambamo kigeu huru hutangulia kila kitu, na kigeu hicho kikipata thamani baadaye ufunguo wako unabaki umekaa mahali pasipo pake. Utautafuta na hutauona, japo umo.

Fundi wa Jozi

Naomba nipingane na msingi wa swali. Kwa kazi ya kuhesabu maneno huhitaji mti wa aina yoyote. Katika SWI-Prolog kazi yako yote ni mistari miwili:

```
jedwali(Maneno, Jozi) :-
    msort(Maneno, Yaliyopangwa),
    clumped(Yaliyopangwa, Jozi).
```

msort/2 hupanga bila kuondoa marudio, tofauti na sort/2 inayoyaondoa, kisha clumped/2 hugeuza kila mfululizo wa vitu vinavyofanana kuwa jozi ya kitu na idadi yake. Ukimpa `[a,a,b]` atakurudishia `[a-2,b-1]`. Hakuna mti, hakuna foldl, na orodha inayotoka tayari imepangwa kwa alfabeti.

Kwa mistari, tengeneza jozi za `Neno-Mstari`, zipitishe kwenye keysort/2, kisha kwenye group_pairs_by_key/2 ya maktaba ya pairs. keysort/2 imo katika kiwango cha ISO, haiondoi marudio, na inatunza mpangilio wa awali wa jozi zenye ufunguo mmoja, kwa hiyo namba za mistari zitatoka kwa utaratibu uleule ulivyosoma faili. Usisahau tu kwamba group_pairs_by_key/2 hukusanya jozi zilizo jirani peke yake. Ukiruka keysort/2 hutapata ujumbe wowote wa hitilafu. Utapata neno lilelile limetajwa mara tano, kila mara likiwa na vipande vyake vya mistari.

Na kama utataka maneno yanayotokea zaidi yatangulie, tumia sort/4 kwa `sort(2, @>=, Jozi, Zilizopangwa)`. Nakuonya kuhusu alama hiyo kwa sababu imenitoa jasho. Niliandika `@>` nikidhani maana yake ni "kutoka juu kwenda chini", na kweli ilipanga hivyo, lakini `@>` pia huondoa marudio, na marudio yanaangaliwa kwa ule ufunguo wa kupangia, ambao hapa ni idadi. Maneno yote yaliyotokea mara 3 yakabaki neno moja, na yote yaliyotokea mara moja yakabaki neno moja. Orodha ilionekana nadhifu ajabu. Niligundua tu pale nilipojumlisha idadi na kuona haikaribii wingi wa maneno ya faili.

Bila Moduli

Kwa kuwa mwanzisha mada ametaja kuhamia Prolog nyingine, nichangie upande huo, ambao wenzangu wameuruka. Sehemu ya kwanza ya kiwango cha ISO, iliyotolewa 1995, inaeleza sintaksia na predikati za msingi, lakini haina hata append/3 wala member/2. Sehemu ya pili, ya 2000, ndiyo inayohusu moduli, na mifumo mingi haikuifuata, bali iliendelea na mtindo wa moduli uliotokana na Quintus, Prolog ya zamani. GNU Prolog nayo haina moduli kabisa: predikati za orodha zimejengwa ndani, na tangazo la use_module halina maana ile uliyoizoea. Kwa hiyo tunaposema "maktaba sanifu ya Prolog" tunazungumzia mazoea zaidi kuliko sheria.

Kwa mazoea hayo, assoc ndiyo iliyosambaa zaidi. Imo katika mifumo ya SWI-Prolog, SICStus na Scryer, na tofauti utakazokutana nazo ziko pembezoni, kwa mfano predikati za kufuta ufunguo. dict za SWI-Prolog ni kinyume chake: sintaksia yake haisomeki kwingine kokote, funguo zake zinapaswa kuwa atomu (jina lisilogawanyika, kama `kitabu`) au namba ndogo nzima, na kila unapoingiza ufunguo mpya inanakiliwa yote. Ukilijenga jedwali la maneno 50,000 tofauti kwa kuingiza moja moja, kwa hesabu ya kawaida utakuwa umenakili jozi zipatazo bilioni 1.25. dict ni nzuri kwa JSON na kwa machaguo machache ya programu, na mimi huziacha huko huko.

Kama uhamaji ni jambo la kweli kwako wala si ndoto ya mbali, angalia Logtalk, ambayo huendeshwa juu ya mifumo mingi ya Prolog. Maktaba yake ya kamusi ina mti wa AVL, mti mwekundu-mweusi na mti wa kawaida wa matawi mawili, vyote vikifuata itifaki moja, kwa hiyo nafasi za ufunguo, thamani na mti hazibadiliki ukibadilisha mti. Ule ugomvi wa mzizi_84 huko haupo.

Kisomo

Nawashukuru. mzizi_84 ameuliza swali nililolificha bila kukusudia. Sehemu ya pili ya programu inajaribu kulichambua kila neno kuwa kiambishi na mzizi, na uchambuzi wa kwanza ukigonga ukuta inarudi nyuma kujaribu mwingine, huku kila jaribio likiongeza mizizi katika jedwali. Kwa hiyo ndiyo, ninarudi nyuma, tena mara nyingi.

Jana usiku nilijaribu assertz/1 ili nijionee mwenyewe. Mara ya kwanza mizizi ilikuwa mingi kuliko maneno, kwa sababu majaribio yaliyoshindwa yaliacha alama zake. Nilipoendesha tena bila kutoka kwenye kiweko, kila idadi ikawa maradufu. Na nilipojaribu kulitafuta neno ambalo nalijua limo katika assoc, get_assoc/3 ilikataa. Hilo la mwisho sijalielewa hadi sasa.

mzizi_84

La mwisho ni rahisi: bila shaka unakata maneno kwa split_string/4. Hiyo hutoa stringi (maandishi ndani ya alama za nukuu), na tangu toleo la 7 stringi katika SWI-Prolog ni aina yake yenyewe. Ukija kutafuta `kitabu` kwa atomu wakati kilichoingizwa ni `"kitabu"`, kwa mti hivyo ni vitu viwili tofauti. Geuza kila neno kuwa atomu mlangoni kwa atom_string/2, kabla halijafika kwenye jedwali. Ukienda Scryer mambo yatabadilika tena, kwa kuwa huko alama hizo za nukuu hukupa orodha ya herufi, na hiyo ni sababu nyingine ya kufanya ugeuzaji huo mahali pamoja tu.

Kuhusu idadi maradufu, ni retractall/1 (inayofuta yaliyoandikwa awali) iliyokosekana mwanzoni. Lakini kwa maelezo yako ya sasa, hifadhidata ya ndani isihusike na uchambuzi hata kidogo. Iache kwa yale ambayo yameshathibitishwa. Huko ina faida ambayo mti hauna: ukiandika `limo(Neno, Mstari)` kama ukweli, SWI-Prolog hujitengenezea faharasa hata kwa nafasi ya pili pale unapoihitaji, kwa hiyo unaweza kuuliza neno liko mistari ipi, na pia mstari una maneno yapi, bila kujenga jedwali la pili.

Nahau

Nimekaa kimya kwa kuwa lugha ninayotumia ni Mercury, jamaa wa Prolog, lakini malalamiko matatu kati ya haya yaliyotajwa yasingefika hata kwenye kuendesha programu. Mercury ilitoka mara ya kwanza 1995 katika Chuo Kikuu cha Melbourne, na maktaba yake sanifu imeandikwa kwa aina na hali zilizotangazwa. Moduli ya map, ambayo chini yake ni mti wa 2-3-4, ukiitangaza kuwa ni ya stringi kwenda namba, kompaila haikubali kitu kingine kiwe ufunguo, na ukigeuza nafasi za ufunguo na mti itakugomea hapo hapo.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba jina linakueleza kitakachotokea ufunguo usipopatikana: map.search inashindwa, map.lookup inarusha hitilafu. map.insert inashindwa ufunguo ukiwa umeshakuwamo, map.det_insert inarusha hitilafu, na map.set inaandika juu ya kilichopo. Katika Prolog kushindwa kwa get_assoc/3 kunaweza kumaanisha neno halimo au kunaweza kumaanisha umekosea aina, kama ilivyokutokea. Gharama yake ni kwamba hutaandika mistari miwili ya Fundi wa Jozi na kuijaribu papo hapo kwenye kiweko. Utatangaza kwanza, kisha ndipo utaandika.

Fundi wa Jozi

Nahau ana haki yake, ila Kisomo hahami lugha kwa sababu ya jedwali moja. Na mimi nakubali kurudi nyuma kidogo: njia yangu inafaa pale data yote iko mkononi kabla ya kuanza. Pale jedwali linaposomwa na kuandikwa katikati ya uchambuzi, mti ndio mahali pake.

Kisomo

Nimeigawa programu mara mbili. Uchambuzi unabeba assoc kutoka hatua hadi hatua, na ukifaulu ndipo matokeo yanaandikwa kama ukweli wa limo/2 baada ya retractall/1. Hesabu ya maneno sasa ni msort/2 na clumped/2, na jumla ya idadi inalingana na wingi wa maneno ya faili. Ugeuzaji wa stringi kuwa atomu uko katika predikati moja karibu na usomaji wa faili. Nimebaki na clumped/2 kama kitu pekee ambacho sina hakika nitakikuta kila ninapokwenda.

Bila Moduli

Hiyo isikusumbue. Iandike mwenyewe kwa kanuni tatu au nne na uiweke katika faili lako, ukiipa jina lako ili isigongane na ya maktaba.